Friza na kabati: anza na chenye mafuta

Njaanuari ikikolea, simu zangu huwa za swali moja. Karo imelipwa, mfuko umekauka, lakini friza bado ina vitu vya Disemba na kabati lina nusu pakiti za kila aina. Tuanze na kipi? Wengi wanatarajia niwaambie waanze na kilichokaa muda mrefu zaidi. Siwaambii hivyo. Nawaambia waanze na chenye mafuta.

Nimesomea sayansi ya vyakula, na siku nyingi utanikuta kwenye stoo za hoteli na jikoni za shule hapa Kisumu, tukipanga kipi kipikwe kwanza na kipi kisipikwe kabisa. Wapishi wengi ninaokutana nao wanaogopa vijidudu, na ni vizuri waviogope. Ila friza iliyofika nyuzi 18 chini ya sifuri inavisimamisha. Haiviui vingi, lakini haviwezi kuzaana. Kinachoendelea kufanya kazi mle ndani ni hewa. Oksijeni inayashika mafuta ya samaki, ya kuku, ya njugu, inayavunja polepole, na siku unapoyeyusha kitoweo unakutana na harufu kama ya rangi ya mlango. Kwa hiyo pande la nyama ya ng'ombe lisilo na mafuta linaweza kufika miezi sita likiwa zuri, huku kipande cha mbuta, yaani sangara, cha miezi minne kikiwa kimeshachoka.

Samaki ndio kesi ngumu kwetu watu wa ziwa. Ngege, yaani tilapia, ana mafuta kidogo. Akifungwa vizuri anakaa miezi sita bila malalamiko. Mbuta ni habari nyingine. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na watu wa ufuoni waliona upesi kwamba hakauki juani kama samaki waliowazoea. Mafuta hayamwachi. Ikabidi akaushwe kwa moshi, na miti mingi ikaishia kwenye kazi hiyo. Friza yako inapambana na mafuta hayo hayo. Mimi humpa mbuta miezi miwili, mitatu akiwa amefungwa vizuri bila hewa.

Ukimtoa, mkague kabla hajayeyuka. Ukiona mabaka makavu, meupe, kwenye kingo, hayo ni maji yaliyotoroka kwenye nyama. Hayana madhara ila hayana ladha, yakate. Ukiona umanjano kwenye ukingo wa tumbo, au kwenye ule mstari wa nyama nyeusi-nyekundu unaopita ubavuni chini ya ngozi, hapo mafuta yameanza kuharibika. Bado anaokoleka. Mchune ngozi, kata tumbo lote, kwangua ile nyama nyekundu, kisha nusa kilichobaki. Kikinuka samaki, pika. Kikinuka rangi, tupa na usijadiliane nacho. Kilichookolewa mimi sikikaangi. Nakitia ndimu na chumvi, nakiacha kidogo, halafu kinaingia kwenye mchuzi wa nyanya nyingi, kitunguu saumu cha kutosha na dania mwishoni. Uchachu wa nyanya na ndimu unaizima ile harufu ndogo ambayo ungeisikia kwenye samaki wa kukaanga.

Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki minofu ikishatolewa, ulionunua mtaani Obunga ukasema utauchemshia supu siku moja, siku yenyewe ni kesho. Nyama yake ni chache, umejaa mfupa na mafuta, na hewa inaupata kutoka kila upande.

Omena, yaani dagaa, huwaponyoka hata wapishi wazoefu, kwa sababu wanauzwa wakavu na watu huwaweka kabatini pamoja na mchele. Ukavu unazuia vijidudu. Hauzuii hewa kuyafikia mafuta, na omena wana mafuta. Rangi ya fedha ikigeuka kahawia, na ukitafuna mmoja ukasikia uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, umechelewa. Kama umerudi kutoka soko la Kibuye na gorogoro kadhaa kwa sababu bei ilikuwa nzuri, bakiza wa wiki mbili kabatini na waliobaki waingie friza. Watu hunishangaa nikisema ugandishe kitu kikavu, ila ndiyo njia. Na ukiwa na malai yanayoelekea kuharibika kwenye friji, hayo na omena yanafaana: waoshe kwa maji moto, wakaange bila mafuta hadi wakauke, tia kitunguu na nyanya, malai yaje mwisho moto ukiwa chini.

Mbuzi wa Krismasi asikuumize kichwa. Mapande makubwa, yenye mafuta machache, yatangoja hata zamu ya mwisho. Nyama ya kusaga ina miezi mitatu au minne, maana ilivyosagwa hewa imechanganyika nayo yote. Matumbo na maini ni vivyo hivyo. Kuku mzima anangoja kuliko aliyekatwakatwa. Chakula kilichopikwa, kwa mfano maharagwe ya kuunga au pilau ya arusi ya binamu yako, kimalizwe ndani ya miezi miwili au mitatu. Chapati ukizipanga na karatasi katikati zinaganda na kuyeyuka bila kisirani.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, nyumba nyingi zinagandisha kwa mikebe. Sina tatizo na mikebe isipokuwa kwamba inadanganya. Mkebe wa aiskrimu una maharagwe, wa siagi una mchuzi wa mifupa, na watoto wameshazoea kusikitika. Bandika utepe wa karatasi uandike kilichomo na mwezi. Tarehe kamili ni urembo tu. Kisha ujaze vizuri, kwa sababu nafasi iliyobaki juu ya chakula ni hewa. Cha majimaji ukiachie nafasi ya upana wa kidole, kwani maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9 na yatapasua mfuniko.

Sasa kuyeyusha. Mchana wa Kisumu unazunguka nyuzi 30, na vijidudu vinastawi kati ya nyuzi 5 na 60. Nyama iliyotolewa asubuhi ikaachwa kwenye sinki mpaka utoke kazini inakuwa na barafu katikati na joto la chumba juu kwa saa kadhaa, na hiyo juu ndiyo iliyoguswa na kisu na mikono ya kila mtu buchani. Ilaze usiku chini kabisa ya friji, ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee mboga. Una haraka? Ifunge isiingie maji, itumbukize kwenye maji baridi na uyabadilishe kila nusu saa. Maharagwe yaliyochemshwa, omena, nyanya zilizosagwa, hivyo havihitaji kuyeyushwa. Vitoke friza viingie sufuriani.

Stima ikipotea, shughuli ni kutofungua. Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, inashika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama 24. Kumbuka jambo hili unapokula akiba yako, kwa sababu kila mkebe unaoutoa unaidhoofisha friza iliyobaki. Mimi huweka chupa za maji pale palipoachwa wazi, zisizojazwa hadi shingoni, nazo zinaganda na kufanya kazi ya chakula kilicholiwa. Weka pia kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Ukirudi kutoka ushago ukute sarafu imezama chini ya kikombe, ujue vyote viliyeyuka ukiwa mbali na vikaganda tena stima iliporudi, hata kama sasa ni vigumu kama jiwe. Hivyo ni vya kutupa. Stima ikirudi ukiwepo, na nyama bado ina chembe za barafu, iache igande tena. Itapoteza maji na ulaini kidogo, basi. Ikiwa imeyeyuka lakini ingali baridi ya friji, pika yote siku hiyo, kisha ugandishe iliyopikwa.

Kwenye kabati sheria ni ile ile, mafuta kwanza. Cha kutangulia ni unga wa uji wa mchanganyiko, ule uliotiwa soya, njugu na pengine omena. Unapendwa kwa sababu ya watoto na unaharibika kuliko unga mwingine wote, maana kila kilichoongezwa mle kimekuja na mafuta yake na kimesagwa. Unaofuata ni unga wa kisiagi, mahindi yaliyosagwa na kiini chake. Kiini ndicho chenye mafuta. Unga mweupe wa pakiti umeondolewa kiini, ndiyo maana unavumilia miezi wakati wa kisiagi unaanza uchungu baada ya wiki chache za joto letu. Lamba kidogo kabla ya kusonga. Kisha sagisha kidogo kidogo, mahindi mazima yanajitunza zaidi. Unga wenye wadudu wachache lakini wenye harufu nzuri unachekechwa na unalika. Mtu akikataa simlaumu. Pakiti mpya ukiziweka friza kwa siku nne kabla ya kuzipeleka kabatini, mayai ya wadudu yaliyokuja nazo kutoka dukani yanakufa.

Maharagwe hayana mafuta ya kutisha, lakini yana ukaidi. Yakikaa mwaka mzima penye joto na unyevu, yaani karibu kila kabati la Kisumu, ganda na nyama ya ndani vinabadilika na maji hayapenyi. Unachemsha saa tatu, makaa yanaisha, punje bado zinagonga sufuria. Watu hudhani ni mbegu mbaya. Ni umri. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwenye maji mapya yenye chembe ya magadi. Waluhya wana musherekha, maji yaliyochujwa kwenye majivu, na kazi yake ni hiyo hiyo: kulegeza kile kinachoshikanisha seli za mmea. Chembe nimesema. Ukizidisha utapata maharagwe yenye utelezi na ladha ya sabuni, na utakuwa umeharibu vitamini B1 iliyokuwemo. Nyanya zisikaribie sufuria mpaka yaive, kwa sababu uchachu unayafanya yagome.

Zile nusu pakiti usizimwage sufuria moja. Ndengu zitakuwa zimesambaratika wakati maharagwe ya nyayo bado ni mawe, na njahi ndizo za mwisho. Panga siku moja, chemsha kila aina peke yake, gawa kwenye mikebe kwa kiasi cha mlo mmoja, gandisha. Umetumia makaa au gesi mara moja, na jioni ya siku ya kazi kuunga ni dakika 15. Kama unatumia kikapu cha kuhifadhi joto, maharagwe mekundu lazima kwanza yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi juu ya moto. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko, na joto la uvuguvugu haliimalizi.

Mengine ni ya haraka. Hamira itie kwenye maji vuguvugu yenye sukari, isipotoa povu ndani ya dakika 10 imekufa. Baking powder itilie maji moto, isipochemka mapovu usiipotezee unga wa mandazi. Pilau masala iliyopoteza harufu haidhuru mtu, ongeza kiasi. Mkebe wa bati uliofura usiufungue hata kwa kuonja. Wali wa jana uwe umeingia friji ndani ya saa mbili baada ya kuiva, ukiwa umetandazwa upoe. Uliolala kwenye sufuria juu ya jiko hauokolewi na kupashwa moto, kwa sababu kuna sumu inayotengenezwa mle ambayo moto hauiwezi.

Moto hauiwezi pia sumu ya ukungu, na hapa ndipo ninapogombana na watu wanaochukia kutupa. Mahindi au njugu zilizopata unyevu, zikaota ukungu wa kijani au wa manjano, zinaweza kuwa na aflatoksini. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, mahindi ya namna hiyo yaliwafanya watu 317 waugue na kuua 125 kati yao. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 kwa kila bilioni, kiasi ambacho jicho halioni, kwa hiyo kuchagua punje mbovu na kupika zilizobaki hakukuhakikishii usalama. Kuosha, kukaanga, kuchemsha, kusaga uji, vyote havitoshi. Mahindi yanayoingia stoo yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na huulizwa kila mara kama basi mahindi hayo wapewe kuku au ng'ombe, isiwe hasara tupu. Hapana. Kuku wanakufa na sumu hiyo, na ng'ombe anaipitisha kwenye maziwa, ambayo ndiyo ya chai yako. Mahindi hayo yafukie kwenye shimo refu ambako mifugo haifukui, na gunia lililoyabeba lisirudi stoo.