Kwa nini mashua za Pangani zinaliwa kwa ndani

Bamvua lililopita, maji yalipojaa sana, tuliipandisha mashua moja hapa mtoni, tukaitia magadi, yaani miti ya kuiegemeza, nikaanza kuigonga tumbo kwa nyundo. Ubao mzima hulia ngo. Mmoja karibu na mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, ulilia bu. Mwenye chombo akaniuliza, "Fundi, mbona rangi haijabanduka?" Kweli, kwa nje palikuwa na vitundu vichache tu, kila kimoja kama kichwa cha pini. Nikaung'oa ubao, nikaupasua kwa tezo. Ndani mirija imepishana ikifuata nyuzi za mti, na kila mrija umesakafiwa chokaa nyeupe, laini kama ganda la yai.

Watu humwita funza, lakini si funza. Ni jamaa wa chaza. Wataalamu humwita teredo. Mwili wake ni mrefu na laini, na magamba yake mawili madogo ya kichwani si nyumba tena, ni keekee. Huingia mbaoni akiwa mdogo wa kutoonekana, kisha hukulia humo humo, ndiyo maana tundu la nje halipanuki. Mkia hubaki mlangoni ukivuta maji. Akihisi hatari, huufunga mlango kwa vifuniko viwili vya chokaa, na anaweza kujifungia hivyo wiki kadhaa.

Ila huyu ni mnyama wa chumvi. Maji baridi, yale yasiyo na chumvi, hayawezi. Mzee aliyenifundisha kazi alilijua hilo bila kusoma popote: chombo kikipumzika, alikipeleka juu ya mto, akakifunga kwenye mikoko, akakiacha hapo hadi zaidi ya mwezi. Wengi bado tunafanya hivyo, tena pale pale alipofunga yeye. Hapo ndipo tunapokosea.

Mto Pangani unashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, safari ya kilomita 500 hivi, na njiani maji yake yana kazi nyingi. Mashamba ya umwagiliaji huko juu yanakunywa. Bwawa la Nyumba ya Mungu, la miaka ya 1960, linazuia mafuriko ambayo zamani yalikuwa yakiufua mdomo wa mto. Maji ya mto yakipungua nguvu ya kuisukuma bahari, bahari inaingia, na kiangazi inaingia mbali zaidi. Wakulima wa kandokando ya mto wanaijua chumvi hii kwa minazi na mashamba yao. Sisi wa vyombo tunaijua kwa mbao.

Tena chumvi ina hila. Maji ya bahari ni mazito, kwa hiyo mara nyingi hutambaa chini, maji baridi yakipita juu yake. Ukichota kwa kiganja na kuonja, utasema hapa ni salama, kumbe mkuku umelala ndani ya bahari. Mimi hufunga chupa kwenye jiwe, kizibo nakifunga uzi wa pekee, naizamisha hadi chini ndipo nakivuta. Nafanya hivyo maji yanapojaa, si yanapopwa. Maji ya chini yakiwa na chumvi, nasogea juu zaidi.

Asiyeweza kusogea achome. Chombo kikiwa juu ya magadi, washa makuti makavu, pitisha moto tumboni upesi upesi hadi mbao zianze kutoa jasho. Moto huua wachanga waliotoka kuingia. Walioingia ndani kabisa hauwafikii, kwa hiyo kuchoma mara moja kwa mwaka ni kazi bure. Baada ya hapo paka deheni ya chokaa na shahamu, nene, bila kuacha kijia, hasa kwenye maungio ya mbao na mkuku. Sifa, yale mafuta ya samaki, ni ya juu ya maji na ndani, usiitegemee chini.

Wenzetu wanaopeleka wageni kisiwa cha Maziwe wengine wamehamia boti za faiba, na siwalaumu. Lakini mashua ya mbao ikipasuka naiziba kwa pamba na nyundo hapa hapa mchangani, na mwenyewe huvua wiki hiyo hiyo.

Ile ya juzi imetaka mbao nne. Nimetafuta msaji, na kesho naanza kukalafati, yaani kuziba maungio kwa pamba, ili bamvua lijalo liikute tayari.