Limoncello, wiski na Dawa: dhana potofu kuhusu pombe kali na kokteli za nyumbani Malindi

Waitaliano walianza kuzoeleka Malindi miaka ya 1960, wakati kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kilipojengwa Ngomeni, na pamoja na vyakula vyao walikuja na limoncello, pombe yao tamu yenye harufu ya limau. Siku hizi wapo wenyeji wanaoitengeneza nyumbani, na dhana inayosikika mara nyingi ni kwamba kinywaji hicho ni maji ya limau yaliyotiwa pombe na sukari.

Limoncello halisi haitiwi maji ya limau. Kinachotakiwa ni ngozi ya nje ya manjano peke yake, kwa kuwa humo ndimo mlimo na vifuko vidogo vya mafuta yenye harufu. Utando mweupe ulio chini yake ni mchungu, na kisu kikiuchukua pamoja na ganda, uchungu huo utaenea chupa nzima. Mafuta hayo hayayeyuki katika maji bali katika pombe, ndiyo maana maganda hulowekwa kwa siku kadhaa katika pombe kali tupu, mpaka yapauke na kukakamaa, na pombe yenyewe ishike umanjano. Baadaye, shira iliyopoa inapomiminwa, kinywaji hugeuka ghafla na kuwa na ukungu, na hapo wengi hudhani kimeharibika, wengine wakafikia kukimwaga. Hakijaharibika. Maji ya shira yamepunguza nguvu ya pombe, mafuta yakashindwa kubaki yameyeyuka, nayo yakajitenga kuwa matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Ukungu huo unaonyesha kwamba maganda yalikuwa na mafuta ya kutosha.

Hatari ya kweli iko kwenye pombe yenyewe. Mapishi ya Kiitaliano hutaja pombe ya asilimia 95 au 96, ambayo kwao huuzwa kama bidhaa ya chakula. Mtu asipoipata hapa, huambiwa kwamba spiriti ni spiriti tu, kwa hiyo achukue ile ya kusafishia vidonda au ile ya kuwashia jiko. Dhana hii inaua. Spiriti hizo hutiwa kwa makusudi vitu vya kuzifanya zisinyweke, na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ni mojawapo ya vitu hivyo. Vodka ya kawaida ya asilimia 40 inatosha; itachukua muda mrefu zaidi kuyavuta mafuta, na shira itabidi iwe kidogo na nzito ili kinywaji kisiwe chepesi mno.

Kuhusu methanoli kuna dhana nyingine inayopaswa kuondolewa kabisa. Wapo wanaomimina pombe kidogo katika kijiko na kuiwasha, wakiamini kwamba moto wa buluu ni ushahidi wa pombe safi. Methanoli nayo huwaka kwa moto wa buluu uliofifia, na ikichanganywa na pombe ya kawaida hakuna jicho, ulimi wala pua inayoweza kuitambua kwa uhakika. Pua ninaitetea katika kila jambo jingine la vinywaji hivi, lakini hapa haina msaada. Aliyeinywa hulewa kama kawaida na kulala, na mara nyingi madhara huanza baada ya saa 12 hadi 24, kwa sababu ini huchukua muda kuigeuza methanoli kuwa formaldehidi na kisha asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya macho. Kwa hiyo hoja ya kwamba fulani aliinywa jioni na bado yu mzima haithibitishi lolote. Mtu akianza kuona weupe au giza mbele ya macho, kutapika na kupumua kwa kasi, apelekwe hospitali papo hapo, wala asicheleweshwe kwa maziwa au kahawa. Huko kuna dawa za kulizuia ini lisiendelee na mageuzi hayo, na kuna mashine za kusafisha damu. Mwezi Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa, na wengine wakapofuka, katika Embu, Kitui na kwingineko kwa pombe ya aina hii. Anayenunua anunue chupa iliyofungwa yenye stempu ya ushuru ya KRA, na aihakiki stempu hiyo kwa programu ya simu ya Soma Label.

Katika kuonja, dhana kubwa ni kwamba wiski nzuri hainyweki na maji. Tumelelewa na methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji, na pengine ndiyo sababu mtu akiona maji yakitiwa katika glasi yake huhisi ameibiwa. Hata hivyo, wanaochanganya wiski kule Scotland huipunguza kwa maji hadi asilimia 20 hivi kabla ya kuinusa, kwa sababu pombe ikiwa kali huchoma pua na kuzifunika harufu nyingine. Mwaka 2017, watafiti Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, kemikali mojawapo inayoipa wiski harufu ya moshi, hupanda juu ya kinywaji maji yanapoongezwa. Jaribio lake halina gharama. Mimina wiski katika glasi nyembamba mdomoni, inuse huku midomo ikiwa wazi kidogo, kisha ongeza kijiko cha chai cha maji na uinuse tena. Rangi isikudanganye, kwa maana sheria ya wiski ya Scotland inaruhusu kutia rangi ya karameli, na umri unaohesabika ni ule wa ndani ya pipa; chupa iliyokaa kabatini miaka ishirini haijazeeka hata siku moja.

Barafu nayo inaeleweka vibaya. Wengi huitia kidogo katika kokteli ili isiwe majimaji, kumbe kinachopoza kinywaji hasa ni ule uyeyukaji wenyewe, kwa kuwa kila gramu ya barafu inayoyeyuka hufyonza takriban jouli 334 za joto. Barafu kidogo katika joto la pwani huyeyuka yote upesi, na kinywaji hubaki chepesi tena vuguvugu. Jaza glasi kwa mapande makubwa yaliyotoka kwenye friza yakiwa makavu. Kokteli yenye maji ya ndimu, maziwa au yai hutikiswa. Yenye pombe tupu hukorogwa taratibu.

Likeri, yaani pombe iliyotiwa sukari pamoja na matunda, mimea au viungo, huitwa vinywaji vyepesi vya akina mama. Cointreau ina asilimia 40, sawa na vodka, na Chartreuse ya kijani ina 55. Sukari huficha ukali bila kuuondoa. Wanaoandaa Negroni, ambayo ni jin, Campari na vermuti nyekundu kwa vipimo sawa, huiacha vermuti kabatini pamoja na chupa nyingine wakidhani pombe haiharibiki. Vermuti ni divai iliyoongezwa nguvu, na ikishafunguliwa huchachuka na kupoteza harufu, tena upesi zaidi kwa joto la Malindi. Mahali pake ni kwenye friji.

Dawa, kokteli ya vodka, ndimu, sukari na asali, hudhaniwa kuwa kinywaji cha kale cha pwani na tiba ya mafua. Ilianzia mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, kwa kuiga caipirinha ya Brazil, na vodka haiondoi mafua. Kosa la kawaida nyumbani ni kumimina asali juu ya barafu, ambako huganda na kuzama chini. Ikorogwe kwanza kwa kiasi sawa cha maji ya moto, kisha iachwe ipoe. Ndimu zikamuliwe wakati wa kuchanganya kinywaji, kwani maji yake hubadilika ladha ndani ya saa chache, na sokoni kwetu hazikosekani.

Vodka nayo ipimwe kwa toti, isikadiriwe kwa macho. Toti moja ya mililita 30 yenye nguvu ya asilimia 40 ina gramu 9 na nusu za pombe halisi, na ini la mtu mzima kwa kawaida huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Kahawa kali, maji baridi ya kuogea na ndimu ya kulamba haviliharakishi ini hata kidogo. Dawa yenye toti mbili huhitaji saa mbili au zaidi kabla ya mtu kushika usukani.