Kipindi cha dirisha si muda wa kusubiri majibu

Nimesikia tena mtu akiambiwa kwamba majibu yake ya VVU yamechelewa kutoka maabara kwa sababu "bado yuko kwenye dirisha". Maelezo hayo si sahihi, na humwacha msikilizaji na hofu isiyo na msingi. Kipindi cha dirisha ni muda unaopita tangu mtu aambukizwe VVU hadi pale kipimo alichotumia kitakapoweza kuyaonyesha maambukizi hayo. Hakihusu foleni ya maabara, wala ile miaka ambayo mtu huishi na virusi kabla ya kuugua UKIMWI.

Urefu wa dirisha hutegemea kipimo, kwa kuwa vipimo vyote havitafuti kitu kimoja. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidoleni linalowekwa kwenye kibao cha plastiki, hakitafuti kirusi chenyewe bali kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupambana nacho, na mwili hauzitengenezi kwa siku moja. Kwa watu wengi huonekana kati ya wiki 3 na 12, ndiyo maana wahudumu hutaja siku 90. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipani, kinachotafuta kingamwili pamoja na p24, ambayo ni protini ya kirusi, huweza kugundua maambukizi kati ya siku 18 na 45. Kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kati ya siku 10 na 33. Mstari mmoja kwenye C, alama ya kibao inayoonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi, wiki mbili baada ya tukio ambalo huenda mtu aliambukizwa, unasema tu kwamba kingamwili hazijaonekana.

Linaloniumiza zaidi ni imani kwamba katika dirisha kirusi "kimelala", hivyo mtu hawezi kumwambukiza mwenzake. Mambo ni kinyume kabisa. Ni katika wiki hizo za mwanzo, kingamwili zikiwa bado chache, ambapo virusi huzaliana kwa kasi na kuwa vingi mno katika damu, na baadhi ya watu hupata homa, maumivu ya koo na tezi kuvimba, wakadhani ni malaria. Aliyepata jibu hasi ndani ya dirisha anahitaji kondomu na kurudia kipimo siku 90 baada ya tukio la mwisho, si baada ya lile la kwanza.

Kuchelewa kwa majibu kuna sababu zake. Mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na VVU hawezi kuthibitishwa kwa kipimo cha kingamwili, kwa kuwa zile za mama huweza kubaki mwilini mwake hadi miezi 18. Akifikisha wiki 4 hadi 6 huchomwa kisiginoni, damu hudondoshwa kwenye karatasi maalumu, hukaushwa, kisha husafirishwa hadi maabara yenye mashine ya PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Njiani kuna usafiri, foleni, vitendanishi (kemikali za kupimia) vinavyokwisha, na pengine sampuli isiyotosha inayolazimu mtoto achomwe tena. Mama anayeambiwa arudi wiki ijayo hajafichwa chochote, wala hajaambiwa chochote kuhusu mwanawe. Mahali pekee ambapo dirisha na kusubiri majibu hukaribiana ni pale vipimo vinapotofautiana na mtu mzima akaombwa arudi baada ya siku 14. Huenda maambukizi ni mapya, na huenda kipimo cha kwanza kilikosea tu.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema yuko kwenye dirisha kwa sababu hajapewa majibu, mweleze kwa upole kwamba anasubiri majibu tu, kisha umwulize tukio la mwisho lilikuwa lini na alipimwa kwa kipimo gani. Na kama tukio lenyewe halijafikisha saa 72, asisubiri dirisha lolote, bali aende leo hii kituo cha afya kuulizia PEP, dawa za kuzuia maambukizi zinazomezwa kwa siku 28.