Kiwewe si kushtuka

Juzi kwenye mkutano wa chama chetu hapa Kaptembwo, Nakuru, mwenzetu mmoja alisema alishikwa na kiwewe stima ilipopotea akiwa bafuni. Tukacheka. Muda si mrefu huyo huyo akamsema jirani yetu, mama anayeuza mitumba: "Yule ni mlevi tu, ni tabia."

Kiwewe wanachosema washauri wa afya ya akili ni jeraha la ndani ambalo tukio la kutisha humwachia mtu, likaendelea kuuma hata tukio likishapita. Basi.

Simlaumu sana, maana neno lenyewe lina hila. Katika Kiswahili cha siku zote, kiwewe ni kuchanganyikiwa kwa ghafla: kinamshika mtu, anapumbaa, kisha kinamtoka. Wataalamu wakalichukua hilo hilo kutafsiri trauma, ambayo kwa Kigiriki ni jeraha; madaktari wa upasuaji hadi leo huiita hivyo mifupa iliyovunjwa na ajali. Jeraha halimtoki mtu kwa kupewa maji baridi. Ningeulizwa mimi, tungesema jeraha la nafsi, lakini nani aliniuliza.

Sasa yule mama. Makanika wakichoma tairi kuukuu upande wa pili wa barabara, yeye huacha marobota wazi, hata mteja akiwa ameshika blauzi mkononi, akaenda kwa muuza chang'aa. Ni harufu. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mtaani kwao zilichomwa tairi na nyumba, na mengine yalimpata usiku ule ambayo hayasemwi chamani. Glasi ya kwanza hainywi kwa raha. Anafumba macho kama anayemeza kwinini. Ni dawa, tena dawa mbaya, kwa sababu kesho lazima iongezwe.

Na si yeye peke yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliohoji watu zaidi ya 9,000 huko San Diego, ulionyesha kuwa waliopitia aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi, mara 4 hadi 12, ya mambo kama ulevi, dawa za kulevya na kujaribu kujiua. Si kila anayekunywa ana jeraha, najua. Lakini ukimwambia mwenye jeraha aache tu, unamnyang'anya mkongojo bila kumtazama mguu.

Kwa hivyo, mwanachama mwenzangu, ya stima sema ulishtuka, nasi tutakupa pole. Lile neno lingine mwachie mama wa mitumba.