Dubai Haikujengwa Juu ya Mchanga

“Injinia, mbona Dubai wamesimamisha jengo refu kuliko yote duniani juu ya mchanga, halafu mimi ghorofa tatu tu Kigamboni unaniambia nipime udongo?” Wateja wananiuliza hivi kila mara, na picha ya Burj Khalifa iko tayari kwenye simu. Nimechoka kulijibu swali hili kiwanja kimoja kimoja, na wanaoliuliza wanakwenda kufukia akiba ya maisha yao ardhini.

Mchanga wa Dubai ni tabaka la juu tu, mita chache. Chini yake kuna mwamba, na hapo watu wanakosea mara ya pili, wakidhani ni mwamba mgumu kama mawe ya Mwanza. Ule ni mwamba dhaifu, chembe za mchanga na chokaa zilizogandamana. Kwa hiyo nguzo za msingi hazikushuka kutafuta jiwe gumu la kukalia. Zilichimbwa zaidi ya 190, kila moja kipenyo cha mita 1.5 na urefu unaopita mita 40, na mzigo unabebwa hasa na msuguano kati ya ubavu wa nguzo na mwamba unaoizunguka. Aliyewahi kung'oa muhogo kwenye ardhi kavu anaijua nguvu hiyo: udongo umeubana pande zote, hautoki. Juu ya nguzo likamwagwa bamba la zege lenye unene wa mita 3.7, ndipo mita 828 zikaanza kupanda.

Walijuaje washuke kiasi hicho? Walipima! Walitoboa matundu mengi ya utafiti, moja likafika mita 140. Walijenga nguzo za majaribio wakazipakia mzigo. Walikadiria hata jengo litatitia kiasi gani: karibu milimita 80. Walipima pia maji ya ardhini, ambayo pale yako karibu na juu na yana chumvi kali kuliko ya bahari, wakachagua zege la kuihimili na kuweka mfumo wa umeme wa kukinga nondo dhidi ya kutu. Ukinitajia Dubai, basi, umenitajia watu waliopima udongo kuliko mteja yeyote niliyewahi kumhudumia. Pima kwanza, mchoro ufuate. Ghorofa likishainama, kulinyoosha ni gharama ambayo wengi hawaiwezi.

“Jangwani mchanga wa zege ni bure,” wananiambia pia. Hapana. Punje za jangwani zimesagwa na upepo hadi zikawa laini na mviringo, hazishikani vizuri na saruji, na Falme za Kiarabu huagiza mchanga kutoka nje. Na wewe uliye pwani, usinichotee mchanga wa ufukweni. Chumvi yake inakula nondo kimyakimya, na utakapoona nyufa, nondo zimeshavimba kutu.

“Jua kali linakomaza zege.” Jua linalikausha, na kukomaa ni jambo jingine kabisa: saruji inahitaji maji ili ishike. Burj Khalifa, wakati wa kiangazi zege lilimwagwa usiku, likichanganywa na barafu. Mwagilia zege lako angalau siku saba, asubuhi na jioni, na ulifunike. Fundi anayekwambia siku mbili zinatosha anawahi kazi nyingine.

“Wenzetu wanajenga haraka.” Uchimbaji ulianza mwaka 2004, jengo likaanza kupanda mwaka 2005, likafunguliwa Januari 2010. Mwaka mzima uliishia chini ya ardhi.

“Ni mafuta tu.” Dubai ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1969, lakini leo ni sehemu ndogo sana ya uchumi wake. Minara imejengwa kwa biashara, utalii, mauzo ya nyumba kwa wageni yaliyofunguliwa mwaka 2002, na mikopo mizito. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya serikali, Dubai World, iliomba kuahirisha madeni yake, na Abu Dhabi, jirani yake katika Falme za Kiarabu, ikatoa dola bilioni 10 kuiokoa. Wiki chache baadaye mnara uliokuwa ukiitwa Burj Dubai ulifunguliwa kwa jina la Sheikh Khalifa, aliyekuwa mtawala wa Abu Dhabi wakati huo.