Staa kakamatwa amelewa, na namba hakuna anayeisoma

Staa akikamatwa anaendesha gari akiwa amelewa, hukumu hutoka kabla faili halijafika mahakamani. Kuna wanaocheka, kuna wanaomwombea, kuna wanaofukua picha zake za miaka kumi nyuma kuonyesha kwamba dalili zilikuwepo siku zote. Mimi kazi yangu ni ya maabara, kutafuta kilevi kwenye sampuli za damu na mkojo, kwa hiyo habari kama hizi nazisoma kwa jicho moja tu: namba iko wapi? Imepimwa kwenye damu au kwenye pumzi? Imepimwa saa ngapi baada ya tukio?

Mara nyingi namba ipo, imewekwa aya ya tatu, na hakuna aliyeigusa. Nimekuja kuamini kwamba tabia ya watu baada ya habari kama hii inategemea sana namba hiyo: kama haipo, kama ipo na inapuuzwa, au kama wananchi wanaijua vizuri kiasi kwamba hawadanganyiki. Tuangalie kesi chache za nje zilizopita mahakamani na zikaisha.

Kwanza kipimo chenyewe. Kenya, Tanzania, Uingereza (ukiiacha Scotland) na jimbo la New York, mpaka wa kisheria kwa dereva wa kawaida wa gari binafsi ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Huandikwa 0.08, kwa kuhesabu gramu. Korea Kusini ni kali zaidi: tangu Juni 2019 mpaka wao ni 0.03, na ukifika 0.08 leseni inafutwa. Ini la mtu mzima hupunguza takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa, wengine kidogo chini, wengine kidogo juu. Kahawa haiongezi kasi hiyo, wala supu, wala kuoga maji baridi. Naliandika hili kila mara na kila mara naulizwa tena kuhusu kahawa.

Usiku wa kuamkia 18 Juni 2024, mwimbaji wa Marekani Justin Timberlake alisimamishwa na polisi Sag Harbor, New York. Alikuwa amepita alama ya kusimama bila kusimama, na gari lilikuwa halikai kwenye njia yake. Alimwambia askari kwamba alikunywa martini moja. Alipotakiwa kupuliza kipimo, akakataa.

Hapo ndipo namba ilipofia, na pale palipokosekana namba ukaingia utani. Picha yake ya polisi, macho mekundu, ilizunguka dunia kabla ya chakula cha mchana. Ikaripotiwa kwamba alinong'ona kuwa jambo hili litaharibu ziara, na askari kijana ambaye hakumtambua akauliza ziara gani, naye akajibu: ziara ya dunia. Watu walicheka wiki nzima. Siku chache baadaye alipanda jukwaani Chicago, akawaambia mashabiki kwamba wiki ilikuwa ngumu, nao wakamshangilia.

Tupige hesabu ya martini moja. Glasi ya kawaida ina gramu 20 hadi 25 za pombe halisi. Ukimpa mwanaume wa kilo 80, kwa kanuni aliyotuachia Erik Widmark wa Sweden miaka ya 1930 (gramu za pombe, gawanya kwa uzito uliozidishwa kwa takriban 0.68, kisha zidisha kwa 100 upate miligramu), kilele chake kitakuwa kama miligramu 44, chini ya mpaka. Sisemi Timberlake alidanganya, na sisemi alisema kweli. Nasema maabara haina la kusema. Alikunywa glasi ya ukubwa gani, na je, kulikuwa na nyingine? Bila pumzi wala damu, kinachobaki ni macho ya askari na pua yake. Septemba mwaka huohuo alikiri kosa dogo zaidi, akatozwa faini ya dola 500 na saa 25 za kazi za jamii, na nje ya mahakama akawaambia watu wasishike usukani hata wakinywa kinywaji kimoja. Kesi ikaisha, utani haukuisha.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume kabisa. Ant McPartlin ni nusu ya watangazaji wawili, Ant na Dec, ambao Waingereza wamekua nao kwenye televisheni tangu wakiwa vijana. Jumapili ya 18 Machi 2018, kama saa kumi alasiri, aliyagonga magari mawili Mortlake, kusini-magharibi mwa London. Mama yake alikuwa ndani ya gari. Mtoto mdogo wa gari jingine alipelekwa hospitali kuangaliwa. Kipimo cha pumzi: mikrogramu 75 katika mililita 100. Mpaka ni 35.

Hii ni namba safi, imepimwa mapema, haina utata. Ukiigeuza kuwa ya damu unapata kama miligramu 172. Kwa mwendo wa ini niliotaja, ingemchukua mpaka saa nne usiku hivi, bila kuongeza hata funda, ili tu ashuke chini ya mpaka wa kisheria. Mchana kweupe, siku ya familia, barabara za mitaa.

Na watu walisema nini? Pole. Apone haraka. Wengi walijua kwamba mwaka uliotangulia alikuwa ametibiwa uraibu wa dawa za maumivu, zilizomwingia baada ya upasuaji wa goti, na kwamba ndoa yake ilikuwa inavunjika. Wapo waliokasirika, hasa wazazi, na kampuni ya magari iliyokuwa ikiwatumia kwenye matangazo iliachana nao. Lakini Januari 2019, baada ya mwaka ambao sehemu yake kubwa alikuwa amepumzika kazi, watazamaji waliwapigia kura wao wawili kuwa watangazaji bora kwa mara ya 18 mfululizo.

Mahakama ya Wimbledon ilimtoza pauni 86,000 na kumfungia leseni miezi 20. Faini hiyo ilizua mjadala mkubwa kuliko kipimo. Nusu ya watu walisema ni nyingi mno, nusu wakasema kwa tajiri si kitu. Wote walikosa maelezo: Uingereza faini ya kosa hili hupigwa kwa mapato ya wiki ya mshtakiwa, na yeye alitaja pauni 130,000 kwa wiki. Kwa hiyo alilipa theluthi mbili hivi ya wiki moja ya kazi, akiwa amepunguziwa kwa kukiri mapema. Hata fundi bomba mwenye kipimo kilekile angelipa kwa mizani hiyohiyo, ila jina lake lisingetoka hata kwenye gazeti la mtaa.

Simlaumu Mwingereza kwa huruma yake. Mtu mgonjwa ni mgonjwa. Ila huruma ile ilimwangalia dereva tu, na mikrogramu 75 zilihusu watu waliokuwa mbele ya boneti.

Sasa twende Seoul, maana huko ndiko nilikojifunza kwamba umma unaweza kusoma namba kama mtaalamu. Usiku wa 6 Agosti 2024, Suga wa kundi la muziki la BTS alianguka na skuta ya umeme karibu na nyumbani kwake, wilaya ya Yongsan. Polisi wakamkuta, wakampima: 0.227. Vyombo vya habari viliripoti kwamba alisema alikunywa glasi moja ya bia.

Mkorea wa kawaida hakuhitaji mkemia. Ametangaziwa 0.03 na 0.08 miaka yote hii, na akiona 0.227 anajua mara moja kwamba hiyo ni karibu mara tatu ya kiwango cha kufutiwa leseni. Mimi nikaongeza tu hesabu: mwanaume wa kilo 70 mwenye kiwango hicho ana zaidi ya gramu 100 za pombe mwilini wakati huohuo, yaani zaidi ya chupa mbili za soju, pombe kali ya Kikorea, au bia tano na nusu za nusu lita. Na hapo sijahesabu ambazo ini lilishaziondoa kabla ya kupimwa.

Ndipo mashabiki wakagawanyika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Wa nje walimtetea: ni skuta, alianguka mwenyewe, hakumgonga mtu. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi, na kituo kimoja kikubwa cha televisheni kilirusha picha za kamera ya barabarani za mtu mwingine kabisa, kikalazimika kuomba radhi. Lakini baadhi ya mashabiki wa Korea walipeleka mashada ya maua, yale ya msibani, wakayapanga mbele ya jengo la kampuni yake, yakiwa na tepe zenye maandishi ya kumtaka atoke kwenye kundi. Kampuni ilikuwa imejaribu kukifanya chombo kile kionekane kidogo kuliko kilivyokuwa, na hilo liliwaudhi kuliko kosa lenyewe. Alitozwa faini ya won milioni 15, katikati ya kile ambacho sheria yao inaweka kwa kiwango kinachozidi 0.2. Faini ilikuwa ya kawaida, hasira ndiyo haikuwa ya kawaida.

Hasira hiyo ina upande mbaya na siwezi kuuruka. Mwigizaji Kim Sae-ron aligonga kifaa cha umeme Gangnam, Seoul, mnamo Mei 2022, maduka ya jirani yakakosa umeme. Aliomba apimwe damu badala ya pumzi, jambo ambalo ni haki yake, na majibu yakaja karibu 0.2. Alikiri, akaomba radhi, akalipa faini ya won milioni 20. Mahakama ilimaliza naye Aprili 2023. Watu hawakumaliza. Kila alichofanya kilichunguzwa, hata alipojaribu kazi ya mgahawani ikaitwa maigizo. Alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 24. Chanzo cha kifo cha mtu si cha kubahatisha kwenye blogu, na mimi sitabahatisha. Ninachosema ni kwamba kipimo kinaeleza hali ya mwili katika saa moja ya usiku mmoja. Watu walikitumia kwa karibu miaka mitatu kama kipimo cha utu wake.

Kesi ya mwisho ndiyo inayonivutia zaidi kikazi. Mwimbaji Kim Ho-joong, Mei 2024, aligonga teksi Gangnam karibu na usiku wa manane akakimbia. Meneja wake akavaa nguo za mwimbaji huyo na kwenda polisi kusema yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Kadi ya kamera ya gari ikaharibiwa. Mwenyewe alipimwa saa 17 hivi baadaye. Piga hesabu: miligramu 15 mara 17 ni 255. Hata kama angekuwa amelewa kuliko Suga, damu ingekuwa safi. Tena ikaripotiwa kwamba baada ya ajali alinunua bia, na bia ya baada ya tukio huvuruga hesabu yoyote ya kurudi nyuma, maana hujui tena pombe ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada.

Siku kumi alikana, huku akipanda jukwaani, halafu akakiri kwamba alikuwa amekunywa. Waendesha mashtaka walijaribu kanuni ya Widmark, wakashindwa kupata kiwango kinachosimama mahakamani, na shtaka la kuendesha akiwa amelewa likaachwa. Alifungwa miaka miwili na nusu kwa makosa mengine, likiwemo la kukimbia baada ya kusababisha ajali.

Umma ulielewa kilichotokea kuliko nilivyotarajia. Badala ya kubishana kama ni mtu mzuri au mbaya, waliuliza swali la kimaabara: iweje anayekimbia na kunywa tena apate nafuu kuliko anayesimama na kupuliza? Novemba 2024 bunge lao likapitisha kifungu kinachomwadhibu dereva anayekunywa baada ya ajali ili kuvuruga kipimo, na kikaanza kutumika Juni 2025. Sasa kule hata namba ikipotea, kuipoteza kwenyewe ni kosa. Ningependa kuona rasimu ya aina hiyo huku kwetu, na ningependa iandikwe kabla ya staa yeyote kukamatwa, maana akishakamatwa tutakuwa tunabishana kuhusu nyimbo zake.