Programu ya Kusimamia Mbio za Theluji: Maana Yake na Kazi Zake

Programu ya kusimamia mbio za theluji ni programu ya kompyuta inayobeba shindano zima la kuteleza kwa skii au kwa ubao juu ya theluji: inasajili wachezaji, inapanga nani atangulie, inapokea muda kutoka kwenye mitambo ya kupimia na kutoa matokeo kwa kufuata kanuni. Dodoma hatuna theluji, lakini jambo hili linamgusa kijana anayesoma kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mwalimu anayesimamia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akiwa na stopwachi mkononi, maana ugumu wake wote uko kwenye kanuni.

Wengi hudhani programu ndiyo saa. Saa ni mtambo wa peke yake. Juu mlimani mchezaji anasukuma kijiti kwa mguu, muda unaanza. Chini anakata mwale wa mwanga, muda unasimama. Husomwa hadi sehemu ya mia ya sekunde, na bado watu hufungana. Kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014, Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi walishuka kwa dakika 1 na sekunde 41.57 kila mmoja, wote wakapewa dhahabu. Hapo programu lazima ijue kwamba hakuna wa pili. Anayefuata ni wa tatu.

Slalomu, yaani mbio za skii za kupinda kati ya malango ya nguzo, hukimbiwa mara mbili na muda hujumlishwa. Kwenye Kombe la Dunia, 30 bora wa mkondo wa kwanza ndio wanaorudi, tena kwa kugeuza mpangilio: wa 30 anatangulia, kinara anafunga. Njia huchimbika kadiri watu wanavyopita, hivyo kinara anaikuta imeshaharibika. Programu inaigeuza orodha papo hapo, huku ikitofautisha asiyeanza, asiyemaliza na aliyeondolewa kwa kuruka lango.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya pale mtambo unapogoma. Tuseme mwale haukumnasa mchezaji mmoja alipofika. Waamuzi wa akiba wameandika kwa mkono saa aliyovuka mstari, ila mkono wa mtu hauendi sawa na mtambo. Programu inachukua wachezaji kumi wa karibu, inalinganisha saa ya mkono na ya mtambo kwa kila mmoja, inatafuta wastani wa tofauti. Ikiwa mkono ulichelewa kwa wastani wa sekunde 0.12, kiasi hicho kinapunguzwa kwenye saa ya mchezaji yule, naye anabaki mashindanoni. Hakosi haki yake kwa kosa la waya.

Kwa ubao wa theluji, mbio za wawili wawili huanza na mchujo wa muda; 16 bora wanaingia hatua ya mtoano, na programu inawapanga kwa nafasi walizopata.

Kijana wa Dodoma akitaka kuandika programu ya namna hii, mbio za baiskeli za kuondoka mmoja mmoja zinamfaa kabisa. Atunze saa ya kuondoka na saa ya kufika, kila moja mahali pake, kisha kompyuta ifanye hesabu ya kutoa. Akitunza jibu peke yake, siku mtambo wa kumalizia ukikosea hatakuwa na pa kurudi kusahihisha.